Kivuli Mchangani

Namba ya utambulisho ya Riziki ilikwisha muda wake jana, na siku hizi kila picha hupita kwanza kwa Msajili. Asiye na namba hai hufuatwa siku hiyohiyo.

"Njoo ukae katikati, bibi harusi! Unaogopa jua?" marafiki zake watatu walimwita kwa utani pale ufukweni, wakijipanga kupiga picha.

Mmoja wao, Mashavu, aliuona uso wa Riziki ulivyosawijika, akampa simu yake. "Mwacheni apige yeye. Nyinyi mnakata watu vichwa."

Riziki akapiga, jua likimchoma mgongoni. Wakacheka, wakala mihogo ya kuchoma.

Kisha simu ya Mashavu ikalia. Ujumbe wa Msajili uliuliza: "Kivuli kilicho miguuni penu pichani ni cha nani?"

"Cha mnazi," Mashavu akaandika.

Riziki akautazama ufuo mzima. Haukuwa na mti hata mmoja.