Miguu ya Saumu

Tangu kisiwa chetu kifanywe hifadhi ya taifa, kila nyumba inaruhusiwa mtu mmoja tu kukanyaga matope ya mikokoni, na matope yenyewe ndiyo yanayochagua. Kwetu yalimchagua Saumu, mke mwenzangu, niliyemfundisha mwenyewe kuokota chaza.

Juzi alirudi kapu limejaa.

"Da Mwanakheri, mbona umenuna?"

"Ninune nini? Lete miguu nikuoshe."

Nikamwosha ndani ya beseni. Alipoingia jikoni, nikajipaka yale matope hadi magotini, nikashuka pwani.

Matope yakanipokea kwa sauti laini: "Karibu, Saumu."

Miaka thelathini nimeyakanyaga! Nikaitika, "Abee."

Leo asubuhi mume wetu alimwita Saumu. Niliyeitika ni mimi.