Kiti cha Kumi na Mbili

Alhamisi Kuu, kanisa la shule lilikuwa limejaa. Kati ya wanafunzi kumi na wawili waliopangwa kuoshwa miguu, mmoja alishikwa na homa. Sista Eufrasia akakimbilia jikoni.

"Mzee Anselmi, njoo ukalie kiti cha mgonjwa."

"Nina maharage motoni, Sista. Tena leo nikishapakua, naondoka. Miguu imekataa. Tafuteni mpishi mwingine."

"Basi utaondoka ukiwa msafi. Twende."

Wanafunzi walikuwa wameshajisugua bwenini, visigino vinang'aa. Padri alipoumwagia maji mguu wa Anselmi, beseni likawa jeusi.

"Mchuzi wa kesho huo," mmoja akanong'ona. Wenzake wakacheka.

Padri hakucheka. Aliendelea kuosha taratibu, akizunguka pale palipovimba. Anselmi akafumba macho. Kichwa kikamwangukia kifuani, akaanza kukoroma.

Kwaya ikanyamaza. Sista akanyoosha mkono amwamshe, lakini Padri akatikisa kichwa.

Harufu ya maharage yanayoungua ikaingia kanisani. Shule nzima ilikuwa na njaa. Hakuna aliyeinuka. Padri bado alikuwa amepiga magoti, mguu wa mpishi ukiwa viganjani mwake.