Mstari wa Alhamisi

Stima ilipotea saa nne kasoro dakika nane, na Antony ndio alikuwa tu amemaliza kufuta ule mstari.

Antony ndiye huangalia kompyuta ya mradi wa maji hapa Karurumo. Kijana mpole, hata kahawa ya mamake huchuma mwenyewe. Siku hizo alikuwa amepata msaidizi ndani ya kompyuta, ile kitu husoma programu yako na kukuonyesha penye unaweza kuirekebisha. Ikamwonyesha mstari mmoja. Geti ya maji ifunguke saa nne kila siku, lakini Alhamisi isubiri mpaka saa sita. Sababu haijaandikwa. Nifute? Antony akakubali, ikatumwa mpaka kwa geti.

"Umefuta ya Alhamisi?" Kanini wa ofisi akauliza. Kikombe yake ikabaki hewani.

"Haikuwa na kazi."

"Wewe. Alhamisi Mzee Kithaka huingia kwa paipu ya hiyo geti kutoa mchanga. Waliongea na marehemu Muthamia, yule aliandika hiyo programu."

"Na mbona hawakuandika?"

"Wazee wawili waandikiane nini? Leo ni siku gani, Antony?"

Kompyuta ilikuwa nyeusi. Geti nayo iko na betri yake ya jua, haingojei stima ya mtu.

Antony akateremka mbio katikati ya kahawa. Kanini akabaki mlangoni akipiga simu. Antony alipofika, geti ilikuwa imeanza kupanda, maji inanguruma. Akashika gurudumu ya mkono, akazungusha mpaka viganja vikachubuka. Maji ikasimama.

"Mzee Kithaka, uko wapi?" akaita kwa mdomo wa paipu. Paipu ikamrudishia sauti yake tu.

Akavua viatu, akaweka simu juu yake, akapiga magoti, akaingia.

Mzee Kithaka alikuja polepole na njia ya juu, mikono bado inanuka maziwa ya kwanza. Ng'ombe yake ilizaa asubuhi, ndio maana alichelewa. Na Kanini alikuwa ametoka kumpigia: "Mzee, leo usiingie, maji inafunguka saa nne kama siku zingine." Halafu laini ikakatika.

Akaangalia geti. Imefungwa. Akaangalia saa. Nne na robo.

"Hii mashine ya hawa watoto," akasema, akicheka peke yake. Akashika gurudumu kwa mikono miwili, akafungua yote.

Maji ilikuwa imeshaingia ndio akaona viatu vya ofisi hapo kando, vimepangwa vizuri, na simu juu yake inalia. Kanini.