Ahadi ya Kuchakulo

Mwaka wa ukame, Kanga alipotaka kumwoza binti yake, aliita kikao cha harusi. Desturi ilikuwa kila mnyama asimame na kutaja ahadi yake mbele ya wote.

Nungunungu, aliyependa sifa, aliahidi gunia la mtama. Panya Buku, asiyekubali kushindwa, akaahidi mawili.

Kuchakulo, mnyama mdogo jamii ya kindi, alikuwa na haya, hata salamu aliitoa kwa sauti ndogo. Nyumbani alikuwa na kibuyu kimoja cha mtama cha kuwavusha watoto wake mpaka mvua. Zamu yake ilipofika, alisimama.

"Mama wa bibi harusi, mtama sitatoa," alimwambia Kanga. "Nilio nao ni wa wanangu. Nitakuja kupika na kuosha vyombo."

"Shemeji, mkia wote huo mzuri, kumbe ndani hamna kitu," Nungunungu alimcheka.

"Mkia haupikwi, shemeji," Kuchakulo akajibu, akaketi.

Panya Buku akakohoa. "Jamani, hata mimi yale magunia sina. Nilikuwa naenda kukopa."

Nungunungu akalaza miiba yake. Naye hakuwa na kitu.

Wote wakamgeukia Kanga, wakingoja hasira. Kanga akashusha pumzi, akamwambia Kuchakulo:

"Afadhali umesema, mwenzangu. Nilitaka kuuza mbegu zangu nikodi ngoma, kwa kuogopa mtanisema."

Binti akaozwa kwa uji na vigelegele, na mvua zilipokuja Kanga alikuwa na mbegu za kupanda. Mpaka leo wanyama wale husema kuwa aliyechangia zaidi harusi ile ni Kuchakulo, ambaye hakutoa hata punje.