Kokoto

Mzee alichomoa karatasi mfukoni, akaifuata kwa kidole, akauliza swali lake la kwanza kabla hata ya kukaa.

"Daktari, chunusi zinatokana na uchafu?"

"Shikamoo, baba. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Zinatokana na uchafu?"

Alikuwa mwashi mstaafu, mrefu, vidole vimepinda kwa miaka mingi ya kushika mwiko. Kwenye benchi la kliniki ya ngozi watu kumi na mmoja walikuwa wamemtangulia, lakini muuguzi alimpitisha moja kwa moja na hakuna aliyenung'unika. Mzee ni mzee.

Daktari alisogeza kando mafaili ya wengine. Akamweleza polepole kwamba si uchafu. Ni mafuta ya ngozi yanayoziba vinyweleo, na kwa msichana wa miaka kumi na mitano mafuta hayo huja kwa fujo, aoge asioge. Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kwa maana nyumbani, alisema, mama mtu alikuwa akimsimanga mtoto kila asubuhi kwamba hajui kuosha uso, na mtoto naye akawa anausugua kwa dodoki mpaka unatoa damu.

"Dodoki aache," daktari alisema. "Aoshe mara mbili kwa siku, kwa sabuni laini na vidole tu. Na limau asipake tena."

Mzee alimtazama. Alikuwa hajataja limau.

"Wengi hupaka limau," daktari aliongeza, akainamia karatasi.

Aliandika kwa herufi kubwa ili mzee asihangaike kuzisoma. Asizitumbue, hata ile moja inayokera. Foronya ibadilishwe kila baada ya siku chache. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Dawa ya kupaka ni kiasi cha punje ya njegere, uso mzima, si juu ya chunusi peke yake. Kisha avumilie, maana nafuu huchukua hata miezi miwili kuonekana.

Mzee alisema miezi miwili ni mingi. Mtoto alikuwa ameacha kula mezani na wenzake. Kioo cha bafuni alikuwa amekibandua na kukisukumiza uvunguni mwa kitanda. Shuleni alikuwa anakwenda kainamisha kichwa, kama mtu aliyedondosha sindano njiani. Akaeleza yote hayo, akaitazama tena karatasi yake.

"Nisamehe, daktari. Zinatokana na uchafu?"

Daktari akamjibu upya, neno kwa neno, bila haraka, kama vile ndiyo kwanza anaulizwa.

Mzee aliikunja karatasi yake mara nne. Ilikuwa dalili ya kuondoka, lakini hakuondoka.

"Kuna dawa ya neno?" aliuliza.

"Neno gani, baba?"

Ilimchukua muda kulitoa. Siku moja mafundi wenzake walikuja kumtembelea, sebule ikajaa vicheko. Binti akaingia na sinia la chai. Yeye mwenyewe, baba mtu, kwa kutaka kuwachekesha wageni, akawaambia kwamba siku wakiishiwa kokoto za zege wasihangaike, waje wachote usoni kwa huyu. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Binti aliliweka sinia mezani taratibu, hakumwaga hata tone, akatoka. Kesho yake watoto wa jirani walikuwa wanamwita Kokoto. Wiki haikuisha, darasa zima likawa linamwita Kokoto.

Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama.

"Ulimwambia pole?" aliuliza.

Mzee akatikisa kichwa. Alinuia kumwambia kesho yake. Kesho yake kukatokea kazi ya mbali, akaenda, na aliporudi akaona haya. Akajiambia ulikuwa utani tu, mtoto atakua, atasahau.

"Hakusahau," daktari alisema.

"Hapana. Akipita mbele yangu anageuza uso upande wa pili. Anageuzia ukutani. Mimi nimejenga nyumba za watu, daktari, lakini ule ukuta siwezi kuubomoa."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, akakawia kuirudisha.

"Kama angekuwa amekaa hapa nilipokaa mimi, ungemwambia nini?"

Mzee alimkazia macho kwa muda mrefu. Ilikuwa kama anatafuta kitu ambacho amekiweka mwenyewe na sasa hajui amekiweka wapi.

"Ningemwambia, mwanangu, nilikosa. Uso wako haukuwa na uchafu wowote. Mchafu ulikuwa mdomo wangu."

Nje mtoto wa mtu alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

"Atanisamehe?" mzee aliuliza.

"Atakusamehe."

"Una hakika?"

"Nina hakika, baba."

Mzee aliinuka, uso umechangamka, akasema basi hangoji tena, akifika tu nyumbani atamwita binti yake sebuleni na kumwambia hivyo hivyo. Akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akawaombea heri wazazi waliomlea vizuri namna ile. Daktari alimtilia karatasi ya dawa mfukoni mwa shati.

Mlango ukafunguliwa kidogo, muuguzi akachungulia.

"Daktari, kaka yako amefika kumchukua baba yenu," alisema kwa sauti ya chini. "Anauliza kama leo amekutambua."