Darasa la Kuimba Vibaya

Kwa mara ya kumi na moja asubuhi ile, Rosalind Pruett alishindwa kuimba vibaya.

"Kata!" Harlan, mwongozaji wa kipindi, alivua kofia akaipigapiga pajani. "Roz, mama, nakuomba. Wewe ni mke wa mkuu wa posta kijijini. Ukifungua mdomo kanisani, ng'ombe wanakata kamba! Mbona unaniimbia kama malaika aliyekanyaga msumari?"

"Si ndiyo vibaya hivyo?"

"Hivyo bado ni malaika."

Tatizo ni shule. Roz alisomea uimbaji miaka sita, na sauti yake hata uitupe vipi, ilitua palepale penye noti. Na kipindi chenyewe kilikuwa cha mashamba na magitaa ya banjo. Kila Jumanne nusu ya Amerika ilikaa mbele ya televisheni kungoja watu wa kijiji kile waimbe, na wiki hii kichekesho chote kilikuwa ndani ya wimbo wa kanisani. Ijumaa ikifika Roz hajaweza, gauni lake la mke wa mkuu wa posta lingepunguzwa kiuno likavaliwa na mwingine.

Twila, fundi wa mavazi, alikuwa amepiga magoti akipandisha pindo la gauni hilohilo, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa. Bora angezimeza.

"Mimi nina shangazi," alisema.

Shangazi Orpha alihamia mji wa Bakersfield kutoka milima ya Arkansas, na kila Jumapili aliimba peke yake mbele ya kanisa la Wabaptisti. Twila aliieleza sauti ile huku anatazama nyuma, kama vile shangazi angemsikia kutoka huko. Inaanza kama bawaba kavu. Inapanda kama kuku aliyekaliwa. Halafu inabaki hukohuko juu, haina habari ya kushuka.

"Na waumini wanakubali?" Roz aliuliza.

"Kanisa linajaa mpaka wanaongeza viti, dada. Zamani walikuwa kumi na wawili tu, siku hizi hata Wamethodisti wa ng'ambo ya barabara wanahamia. Mchungaji Grady anahubiri vizuri mno, basi watu wanamvumilia shangazi."

"Mlete," alisema Harlan.

"Lakini asijue! Tangu mumewe afariki, kuimba ndiyo furaha yake pekee. Akijua tumemwita ili achekwe, hatafungua mdomo tena maishani, na mimi ndiye nitakuwa nimemziba."

Harlan aliapa. Studio nzima iliapa. Shangazi angeambiwa kwamba ameitwa kumfundisha Roz uimbaji halisi wa milimani.

Alifika Jumatano na kofia yenye cheri za plastiki na pai mbili za viazi vitamu, moja ya Harlan, moja ya wafanyakazi wote. Akaomba maji ya moto na asali. Akanywa, akakohoa kidogo, akakunja mikono tumboni, akaimba.

Fundi wa taa aliyekuwa juu ya ngazi aliikumbatia ngazi. Harlan aligeukia ukutani, mabega yakamtetemeka. Fundi wa sauti alivua vidude vya masikioni, akavikagua, akavivaa tena.

"Turudie, mama?" Harlan aliuliza, bado kaangalia ukuta.

Shangazi akarudia. Ufa palepale, mlio wa bawaba palepale, kuku yule kakaliwa palepale.

"Ni ileile," fundi wa sauti alinong'ona. "Hajakosea hata unywele." Lakini waliokuwa karibu walikuwa wameuma leso, nani wa kumsikiliza?

Siku mbili Roz alikaa na shangazi kwenye kinanda.

"Mwanangu, unaikimbilia noti. Usiifuate! Kaa chini yake kidogo, kama mtu aliyekosa kiti. Haya. Ukifika 'mbinguni,' ipite moja kwa moja, uendelee kama hujaiona."

"Hivi?"

"Hapo umeiangalia. Rudia."

Ijumaa mchana kamera zikawashwa, Roz akasimama mbele ya kwaya ya kijiji, akafungua mdomo. Harlan aliutafuna ukingo wa kofia yake. Alipoweza kusema "Kata!" studio ililipuka. Watu waliangukiana. Fundi wa taa alishuka kwenye ngazi akilia. Roz naye alicheka na kulia kwa pamoja, maana kazi yake ilikuwa imepona.

"Wanacheka nini?" aliuliza Shangazi Orpha.

Twila aliwahi kujibu. "Mbwa, shangazi. Yule mbwa wa kipindi. Kafanya vituko vyake, unajua tena."

Shangazi aliangalia mkeka wa mbwa. Mbwa hakuwa na zamu siku ile. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Kweli," alisema, akimpapasa Twila mkono. "Mbwa hodari sana huyo."

Akaenda kutafuta simu, awajulishe kanisani kwamba anarudi.

Twila alijificha kati ya makoti ya jukwaani akalia kama mtoto. Kamdanganya shangazi yake, damu yake, mjane wa watu, mbele ya watu sitini na pai mbili. Mwishowe akajifuta uso kwa mkono wa koti la mkuu wa posta. Liwalo na liwe, angemwambia ukweli wote na kumwomba radhi.

Alipofika kwenye kona ya korido alimkuta shangazi amempa mgongo, simu sikioni.

"Ndiyo, mchungaji, nimemaliza salama. Ila koo limechoka jamani. Jumapili hii, moja tu, niruhusu niimbe vizuri."

Mchungaji Grady alikuwa na sauti ya mimbari, hata kwenye simu ilifika mpaka kwenye kona.

"Dada Orpha! Unataka warudi kwa Wamethodisti?"