Mchoro wa Gauni la Kijani

Wewe umewahi kufungiwa katika chumba chenye vioo pande zote, kila ukigeuka unajiona mwenyewe unavyoogopa? Humo ndimo alimokuwa Séverine Maupas, katika chumba cha kupimia nguo cha jumba moja la mitindo mjini Paris, kofia ya kuazima imemlalia upande.

Chini, onyesho la nguo za kiangazi lilikuwa linaendelea. Ukumbini humo mgeni haruhusiwi kuchora hata mstari, maana gauni linaloonwa leo, kesho wezi wa mitindo wameshalishona New York. Anayekamatwa, jina lake huzungushwa majumba yote. Hapati tena kazi hata ya kuokota pini. Naye Séverine alikuwa ametoa penseli, tena safu ya mbele.

"Safu ya mbele!" Bibi Lacaze, mkuu wa wauzaji, aliuegemea mlango. "Wenzio angalau hujificha chooni. Hata wizi hujui, mama?"

"Naomba usiukunje mchoro, Bibi."

"Nisiukunje! Nikupigie na pasi, labda?"

Aliutupa mezani. Ulikuwa mchoro wa rangi za maji, wa mwanamke mwembamba mwenye gauni la kijani, marinda yakianzia begani na kumzunguka hadi mgongoni. Pembeni, kipande cha hariri ya kijani kimebanwa kwa pini. Séverine aliinyoosha ncha ya karatasi kwa kidole, polepole. Rangi ilikuwa imekauka vizuri.

"Polisi wanakuja?"

"Polisi baadaye. Kwanza Bwana Vasseur, mwenye jumba. Michoro ya wezi huitazama mwenyewe, ajue ni gauni lipi limeibwa."

"Mwenyewe? Kwa macho yake?"

"Ahaa, sasa ndiyo unatetemeka! Ungetetemekea kwenu."

Séverine aliutazama mlango. Ulikuwa mmoja tu, na mgongo mpana wa Bibi Lacaze ulikuwa umeuziba. Chini, makofi yalilipuka: gauni la harusi, la mwisho siku zote, lilikuwa limepita. Kisha nyayo zikapanda ngazi.

Bwana Vasseur aliingia, futi ikining'inia shingoni. Hakumsalimu mtu. Aliichukua karatasi, akaipeleka dirishani, akaisogeza karibu na macho, akaigusa ile hariri.

"Lacaze, gauni hili leo limevaliwa na nani?"

Bibi Lacaze alichungulia.

"Halimo," alisema Bwana Vasseur. "Si letu. Binti, hili umemwibia nani?"

Séverine alivua kofia.

"Sikumwibia mtu, Bwana. Nimelichora nyumbani. Majira yote ya baridi nimeleta bahasha za michoro hapa mlangoni, zikarudishwa hazijafunguliwa." Akaiweka kofia mezani. "Leo nilitaka nikamatwe, ulitazame."